Msemo wa Kiingereza "get the gist": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu ambao Kiingereza wanakijua kiasi cha kufuata mazungumzo, lakini bado hawana uhakika waseme nini pale wanapoelewa jambo kwa ujumla na baadhi ya maneno yakawapita. Kwa hali hiyo hasa, "get the gist" ndio msemo wa kwanza ambao ningemshauri mtu ajifunze.

## "Get the gist" maana yake nini?

Ni kushika jambo kuu katika maneno yaliyosemwa au yaliyoandikwa, bila kudai kwamba umeshika kila kitu. Anayesema "I get the gist" anakuambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba unakoelekea ameshapaona, na kwamba kuna vipande ambavyo vimempita au hakuvihitaji. Wanafunzi wengi huchukua lile la kwanza tu, wakautafsiri msemo kuwa "nimeelewa" na kuishia hapo. Lakini la pili ndilo linaloutofautisha na "I understand". Ukisema "I understand" umejibana: mwenzako ana haki ya kukuuliza lolote kuhusu alichosema. Ukisema "I get the gist" umeshamwonyesha mpaka wa uelewa wako.

Kwa Kiswahili tungesema "kiini nimekipata", "picha nimeipata", au "nimekuelewa kwa ujumla". Hilo la mwisho ndilo lililo karibu zaidi, kwa sababu neno "kwa ujumla" linabeba ule mpaka.

## Neno "gist" limetoka wapi?

Limetoka mahakamani. Baada ya Wanormandi, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka England mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala, na kwa karne nyingi wanasheria wa huko waliandika na kubishana kwa aina yake ya Kifaransa. Mojawapo ya kauli zao ilikuwa "cest action gist", yaani shauri hili lina mahali pa kusimama, linaweza kusikilizwa. "Gist" hapo ni kitenzi, na maana yake ya asili ni "inalala" au "imelala". Kinatokana na kitenzi cha Kilatini "iacere", kulala. Kwenye makaburi ya Ufaransa bado husomeka "ci-gît", hapa amelala fulani, na hicho ni kitenzi hicho hicho.

Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1733 ililazimisha mahakama za England kuendesha na kuandika mashauri kwa Kiingereza. Wakati huo "gist" lilikuwa limeshaingia katika Kiingereza kama nomino ya kisheria: msingi wa shauri, ile hoja ambayo ukiiondoa kesi nzima inaanguka. Katika karne ya 19 likatoka mahakamani na kuanza kutumika kwa mazungumzo yoyote.

Historia hii ina faida kwa anayejifunza. "Gist" si muhtasari wa kila kilichosemwa. Ni ile sehemu ambayo mengine yote yameegemea juu yake. Mtu anaweza kukusimulia nusu saa nzima na "gist" yake ikawa sentensi moja.

## Linatamkwaje?

Herufi "g" hapa husomwa kama "j" ya "jina", si kama "g" ya "gari". Kiingereza hakina msimamo katika hili: "gift", "give" na "girl" zina "g" ya "gari", ilhali "giant", "ginger" na "gist" zina "j" ya "jina". Hakuna kanuni ya kukuokoa, kila neno linajifunzwa peke yake.

Irabu yake ni fupi. Usiivute ikawa "jiist". Na mwishoni usiongeze irabu ya kuegemea, ile inayotufanya tuseme "jisti". Ikikuwia vigumu kumalizia kwa "st", fanya mazoezi na kirefu chake, "the gist of it". Hapo maneno hushikana kama neno moja, "jistovit", na "t" ya kwanza inapata irabu ya kuifuata yenyewe bila wewe kuibuni.

Jihadhari na "jest" na "just". "Jest" ni mzaha. Ukimwambia mtu "I got the jest of your speech" atadhani hotuba yake umeiona kichekesho.

## Sarufi yake ikoje? Mbona wengine husema "get", wengine "got"?

Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza. Sisi kwa jambo tulilokwisha kulielewa tunatumia "-me-": nimeelewa, nimekupata. Kwa hiyo mtu anataka kusema "I have understood", "I have got". Mwingereza au Mmarekani, kwa kitu anachokielewa wakati huu huu mnapozungumza, hutumia wakati uliopo wa kawaida: "I get it", "I get the gist". Si kosa kusema "I've got the gist", na Uingereza utalisikia sana. Ila "I get the gist" linafaa popote.

"I got the gist" hutumika jambo likiwa limeshapita: mkutano umekwisha, barua umeshaisoma. "They spoke very fast, but I got the gist." Walizungumza haraka mno, lakini jambo lenyewe nililishika.

Kijineno "the" hakitoki. "I got gist" si Kiingereza sanifu, na "I got a gist" linasikika vibaya kwa sababu kiini ni kimoja. Baada ya "gist" huja "of", si "about": "the gist of the letter", "the gist of what she said". Na msemo huu haugeuzwi katika kauli ya kutendwa. Hakuna anayesema "the gist was got".

## Ni lazima nitumie "get"?

Hapana, na huu ndio uzuri wa neno hili. "Get" ndiyo ya kila siku, lakini "gist" inakubali wenzi wengine. "Catch the gist" hufaa zaidi kwa jambo ulilolisikia kwa shida, labda sauti ilikuwa mbali. "Grasp the gist" ina uzito kidogo na hufaa kwa maandishi magumu. "Give me the gist" ni ombi: niambie kwa kifupi, nipe kiini chake. "That's the gist of it" ni njia ya kufunga maelezo yako mwenyewe, sawa na kusema "basi, kwa kifupi ndivyo ilivyo". Kwa maoni yangu hili la mwisho linapuuzwa mno na wanafunzi. Unapoeleza jambo kwa lugha isiyo yako na maneno yakakuishia, "that's the gist of it" hukuruhusu kumaliza kwa heshima badala ya kukatika katikati ya sentensi.

Kuna pia "you get the gist", ambayo msemaji huitumia anapoacha orodha bila kuimaliza. Anataja vitu viwili vitatu, halafu anasema "you get the gist", yaani vingine vya namna hiyo unavijua mwenyewe.

## Naweza kulitumia kazini, au ni lugha ya mtaani?

Si lugha ya mtaani. Kazini, kwenye barua pepe kwa mwenzako, darasani, unaweza kulitumia bila wasiwasi. Kinacholifanya liwe la mazungumzo ni "get". "Gist" lenyewe hukubalika hata kwenye maandishi ya heshima: "The gist of the report is that..." ni sentensi inayoweza kusimama katika taarifa ya ofisi. Kwenye insha ya chuo, hata hivyo, afadhali "the main argument" au "the central claim", kwa sababu insha hutakiwa kuonyesha kwamba umeshika hoja pamoja na hatua zake.

## Je, naweza kumuudhi mtu nikimwambia "I get the gist"?

Unaweza, na vitabu vya kufundishia mara nyingi havisemi hili. Mtu akiwa katikati ya kukueleza, ukamkatiza kwa "I get the gist", umemwambia kwa adabu kidogo tu kwamba inatosha. Kama anasimulia jambo linalomuuma, atajisikia hakusikilizwa. Kwa mtu anayeeleza huzuni yake, kiini peke yake si kitu. Anataka umfuate hatua kwa hatua, na hapo afadhali ukae kimya au useme "I'm listening".

Msubiri amalize. Kisha ukitaka kuonyesha kwamba umeelewa, sema ulichokielewa: "So the gist is that they've changed the plan?" Hapo unampa nafasi ya kukusahihisha, na hapo msemo unageuka kuwa adabu.

## Una tofauti gani na "get the picture", "get the point" na "catch my drift"?

Watu huvichanganya kwa sababu kamusi huvieleza vyote kwa "kuelewa". Katika matumizi vimeachana sana.

"Get the picture" ni kuelewa hali ilivyo, mara nyingi kwa kuunganisha vidokezo ambavyo hakuna aliyevieleza wazi. Nayo ina ukali wake: "All right, I get the picture" kwa sauti kavu ni kumwambia mtu aache kuendelea.

"Get the point" inahusu lengo au sababu ya jambo. Unaweza kupata "gist" ya hotuba, yaani ukajua alizungumzia nini, na usipate "point", yaani usijue kwa nini aliizungumzia. "I don't get the point of this meeting" hakumaanishi kwamba Kiingereza cha mkutano kilikushinda. Kunamaanisha huoni faida ya mkutano wenyewe. Kauli hiyo ni nzito, usiitoe mbele ya aliyeuitisha kama hukuikusudia. "You're missing the point" nayo ni shutuma: unajibu kisichoulizwa.

"If you catch my drift" husemwa na mtu aliyekusudia kitu asichotaka kukitamka. Kwa hiyo panapokuwa na "drift" kuna fumbo, ilhali "gist" haina fumbo lolote. Jirani yake ni "get the message": kuelewa dokezo, hasa lisilopendeza. Mtu asiyejibu simu zako kwa muda mrefu, ukasema "I got the message", maana yake umetambua kwamba hakutaki.

"Get the hang of" haimo kabisa katika ukoo huu, ingawa huanza vilevile. Hiyo ni kuzoea kufanya kitu kwa mikono au kwa mazoezi, kama kuendesha gari au kutumia programu mpya.

## Nimesikia Mnigeria akisema "gist me". Amekosea?

Hakukosea. Katika Kiingereza cha Nigeria "gist" ni habari, maongezi, pengine umbea, na limekuwa kitenzi pia: "gist me" ni "nipe habari", nisimulie. Kwao "I have gist for you" ni ahadi ya hadithi ndefu yenye utamu wake wote, karibu kinyume cha kiini kifupi. Kiingereza kina makazi mengi, na kila makazi hutumia haki yake. Wewe jua tu unazungumza na nani. Ukimwomba Mwingereza "gist me", hatakuelewa.

## Nifanyeje nikisikia Kiingereza cha haraka? Nashika neno moja moja na kiini kinanipotea.

Hili ndilo swali linalostahili jibu refu kuliko yote, kwa sababu msemo unaweza kuujua vizuri na bado ukashindwa kufanya kile unachokisema.

Tatizo linaanza na masikio yetu. Katika Kiswahili silabi karibu zote husikika kamili, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tumezoea kusikiliza kila silabi kwa sababu kila silabi inatuambia kitu: nani anatenda, lini, kwa nani. Kiingereza hakiko hivyo. Maneno yenye uzito wa maana hutamkwa kwa nguvu, na vijineno vya katikati, kama "of", "to", "was", "have", humezwa hadi karibu vitoweke. Ukijaribu kusikia vyote kwa usawa utachoka ndani ya dakika mbili. Sikiliza yale yanayopigwa mkazo. Ukisikia "meeting... moved... Friday... manager... ill", kiini umeshakipata: mkutano umesogezwa hadi Ijumaa kwa sababu meneja anaumwa.

Pili, jifunze maneno yanayotangaza kwamba jambo kuu linakuja. "Basically", "the thing is", "what I'm saying is", "so" inayotanguliwa na kituo kidogo, na hasa "but". Mzungumzaji wa Kiingereza mara nyingi hutanguliza maneno ya kupendeza, kisha husema "but", na kile anachokitaka hukiweka baada yake. Ukiwa umechoka kiasi cha kusikiliza sehemu moja tu ya sentensi, sikiliza inayofuata "but".

Tatu, baada ya kusikiliza habari au maelezo ya dakika mbili tatu, andika sentensi moja tu ya kiini chake, na uiandike kwa Kiswahili. Ukiiandika kwa Kiingereza utashawishika kunakili maneno uliyoyasikia bila kuyaelewa. Kiswahili hakikuruhusu kujificha. Kisha sikiliza tena uone kama sentensi yako inasimama.

Wala usione kwamba kuacha maneno yapite ni udhaifu wa mgeni wa lugha. Akili ya binadamu hufanya hivyo hata kwa lugha mama. Mwaka 1967 mtafiti Jacqueline Sachs alichapisha jaribio ambamo watu walisikiliza habari kwa Kiingereza, kisha wakapewa sentensi waseme kama ndiyo ileile waliyoisikia. Muda mfupi tu ukishapita, walikuwa hawatambui kwamba maneno yamepangwa upya. Maana ikigeuzwa, walitambua. Walichokuwa wamekihifadhi ni maana. Baadaye wanasaikolojia Charles Brainerd na Valerie Reyna walijenga nadharia nzima juu ya kumbukumbu za namna mbili, ya neno kwa neno na ya kiini, na ile ya kiini wameiita kwa neno hili hili, "gist".

## Inawezekana kupata kiini na kukosea?

Inawezekana sana. Kiingereza huficha kinyume cha maana katika sauti ndogo. "I can do it" na "I can't do it" kwa sikio letu hukaribia kuwa kitu kimoja. Dokezo ni hili: "can" ya kukubali humezwa, lakini "can't" hutamkwa kwa nguvu. Kwa hiyo ukiisikia waziwazi, shuku kwamba ni kukanusha.

"Hardly" nayo haihusiani na ugumu: "I hardly know her" ni simjui, au namjua kwa mbali mno. "Few people came" ni malalamiko kwamba waliokuja ni wachache, na "a few people came" ni kusema walikuja watu kadhaa. "Unless" hugeuza sharti zima. Na tarakimu zinazoishia "-teen" na "-ty", kama 13 na 30, huwachanganya hata wenye lugha yao kwenye simu.

Ndiyo sababu kuna mahali ambapo kiini hakitoshi. Kipimo cha dawa, mkataba, tarehe ya usaili, maelekezo ya usalama kwenye mashine: hapo usiseme "I get the gist" na kuondoka. Utaweza kuutumia msemo wenyewe kuomba zaidi: "I get the gist, but could you go over the dates again?" Jambo lenyewe nimelielewa, ila naomba unirudie tarehe. Mtu haoni haya kuuliza kwa namna hiyo, na anayeulizwa anajua hasa arudie wapi.

## Nina mtihani wa IELTS. Kiini kitanisaidia?

Kwenye sehemu ya kusoma ya mtihani huu wa kimataifa wa kupima Kiingereza, sana. Kuna dakika 60, vifungu 3 na maswali 40, hivyo huna muda wa kusoma kila neno kwa uzito sawa. Aina ya swali inayopima kiini moja kwa moja ni ile ya kuchagua kichwa kinachofaa kila aya. Mtego wake ni kichwa kinachotaja neno lililomo kwenye aya lakini linalogusa kipengele kidogo tu. Soma aya, jiambie kwa maneno yako inasema nini, ndipo uangalie vichwa.

Sehemu ya kusikiliza ni tofauti kidogo. Rekodi husikika mara moja tu, na maswali mengi hutaka jina, nambari au neno mahsusi. Kiini kitakuonyesha mazungumzo yamefika wapi usipotee, lakini alama ziko kwenye yale madogo.

## Mtu akiniuliza "Did you get the gist?" nimjibuje?

Kama umeelewa, "Yes, I think so" kisha useme kwa sentensi moja ulichokielewa. Kama umeelewa nusu, "More or less. I got lost when you mentioned the second form", ukitaja mahali ulipopotea. Kama hukuambulia kitu, sema "Not really. Could you say it again more slowly?" Usijibu "yes" tupu kwa aibu. Aliyekuuliza hivyo ameshakubali kwamba si yote yamekufikia, na yuko tayari kurudia.